Kitenge Chekundu cha Dirishani

Wewe uliyepewa vidonge vya kifua kikuu leo, ukavibeba mpaka nyumbani ndani ya mfuko mweusi ili jirani asione, nakuandikia wewe. Mimi nilikuwa na mfuko kama huo. Sasa nimemaliza vidonge, napumua, nakula, asubuhi nauza mikate yangu kama zamani. Sitakufundisha udaktari, sikuusomea. Nitakuambia tu mambo yalivyokuwa kwetu Lubunga, ng'ambo ya mto, na jinsi kitambaa kimoja kilivyokaribia kuniua ndani ya nyumba ambamo kila mtu alikuwa ananitakia mema.

Jina langu ni Mwamini. Mume wangu Asumani anapakia mizigo kwenye treni ya Ubundu, na treni ile ikishaondoka hakuna anayejua itarudi lini, hata anayeiendesha. Kwa hiyo nyumbani mara nyingi tulikuwa watatu: mimi, binti yangu Salima ambaye alikuwa hajaanza shule, na mama mkwe wangu, Mama Zena. Mama Zena alizaliwa Maniema, akaja Kisangani kwa ndoa, na sauti yake unaisikia kabla hujafika mlangoni. Mimi na yeye tulikuwa tunauza chai na mikate mbele ya nyumba, kwenye njia ya kushuka kwenye kivuko cha mitumbwi. Nasema mikate ile ya mviringo, ya kukaanga. Mtu anakula mmoja akisubiri mtumbwi, mwingine anamalizia majini.

Kikohozi kilianza wakati wa mvua kubwa. Nilikohoa mbele ya mafuta ya moto, nikageuza uso, nikaendelea kukaanga. Mama Zena akasema ni moshi. Halafu nikaanza kuamka nimelowa jasho, na kitenge nilichokuwa nakifunga mara moja kiunoni kikaanza kunizunguka mara mbili. Kituo cha afya wakapima makohozi. Watu wa kifua pale hawakai ndani, wana benchi yao nje chini ya bati, mbali na wajawazito. Nilikaa pale nikitazama bata wa jirani wakigombania ganda la ndizi. Walipoita jina langu wakaniambia, sikusikia hofu. Sikusikia kitu. Nilijiuliza tu kama nilikuwa nimefunika ndoo ya unga.

Hili nalisema mapema kwa sababu watu watakuuliza ulilia namna gani. Mimi sikulia. Ilikuwa kama mguu ulioukalia mpaka ukafa ganzi, unauona ni wako lakini ukiugusa haukujibu. Nilikaa hivyo kwa misimu. Usijishangae ukiwa hivyo.

Aliyesikia vyote kwa niaba yangu alikuwa Mama Zena. Aliufunga mlango, akanishika mabega.

"Hakuna mutu atajua," akasema. "Unasikia, Mama Salima? Wakisikia tu neno tuberculose, ile mikate tutakula siye wenyewe. Na mutoto watamukatalia kucheza."

"Watajua tu, mama. Nakohoa."

"Utakohoa mule ndani. Miye nitasema uko safari Ubundu."

Chumba changu kina dirisha moja, linatazama njia ya kivukoni, na mlango unaotoka barazani tunapouzia. Mama Zena hakuziba kwa gunia wala kwa kipande cha turubai. Alifungua sanduku lake akatoa kitenge cha harusi yake, chekundu kizima, chekundu cha kung'aa, kilichokaa miaka yote kimekunjwa na karafuu ndani. Akakikata katikati. Nusu dirishani, nusu mlangoni. Mtu akipita ataona pazia zuri, hataona mgonjwa. Hewa ilipita, hilo tuliambiwa kituoni na alilishika. Lakini mwanga ukiingia ulikuwa umeshapakwa rangi. Kuanzia asubuhi mpaka magharibi nilikaa ndani ya wekundu, mikono yangu myekundu, shuka jekundu, sahani nyekundu. Baada ya siku chache hata sikuona tena kwamba ni nyekundu.

Bon, vidonge. Unavimeza tumbo tupu, na mkojo unageuka rangi ya soda ya machungwa. Walinionya, kwa hiyo sikushtuka. Walinionya pia kwamba kuna watu ambao ini lao linavikataa vidonge hivi, na ini likikataa inabidi kuviacha haraka, la sivyo dawa ya kifua itakuzika kwa ini. Kupima ini ni lazima kuvuka mto mpaka mjini, maabara, mashine, umeme, foleni. Mimi kusimama tu ilikuwa kazi. Wakaniuliza kama nakubali kuingia kwenye majaribio ya watu wa chuo, waliokuwa na kipimo cha simu, mwuguzi anakufuata nyumbani. Mama Zena alijibu kabla yangu. Nyumbani? Anakubali, anakubali sana.

Ndivyo alivyoingia Dieudonné. Infirmier, yaani mwuguzi, mrefu, buti za mpira hata siku ya jua, mtu wa mjini anayeanza sentensi kwa Kilingala na kuimaliza kwa Kiswahili. Alinichoma kidole, akadondosha damu kwenye kikombe cha plastiki kidogo kama kifuniko cha chupa. Ndani kulikuwa na maji mekundu, mazuri, kama juisi ya ngai-ngai, ile ya choya. Alitueleza kwa ufupi. Ini likiumia linamwaga kwenye damu vitu vinavyoitwa vimeng'enya. Vikiwa vingi, maji yale yanaacha wekundu yanaenda zambarau, na mabaya zaidi yanakuwa bluu. Jicho la mtu linaweza kubishana, simu haibishani: inapiga picha, inasoma rangi, inatoa alama. Kijani, endelea na vidonge. Rangi ya machungwa, simama.

"Na nini inayageuza?" Mama Zena akauliza.

"Kuna dhahabu mule, maman. Ya unga, kidogo-kidogo sana, macho haiwezi kuona."

Mama Zena akaweka chini kijiko alichokuwa ameshika. "Dhahabu? Dieudonné, miye natoka Maniema. Baba yangu alichimba dhahabu mpaka mugongo ikavunjika. Dhahabu iko njano."

"Ikiwa ndogo sana inakuwa nyekundu."

"Kumbe! Basi njo maana hatukupata kitu. Tulikuwa tunatafuta ile kubwa."

Tulicheka, mimi nikacheka mpaka nikakohoa, na Dieudonné akanishikia beseni. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu kwa muda mrefu hakikuja kingine.

Kipimo kilikuwa na kisanduku chake cha karatasi ngumu, cheusi ndani. Kikombe kinaingia humo, simu inalala juu kwenye tundu, mwanga wa nje hauingii. Mara za kwanza tulifanya hivyo na alama ikawa ya kijani. Halafu siku moja mvua ilimkuta Dieudonné katikati ya mto, mtumbwi ukapiga maji, simu aliiokoa ndani ya shati na vikombe ndani ya buti, lakini kisanduku kikalowa kikawa uji. Aliomba kingine. Aliambiwa kinakuja. Wewe unayeishi huku unajua "kinakuja" maana yake nini.

"Bon, hakuna shida," akasema. "Simu iko na akili. Tunahitaji mwanga tu."

Alitaka kupimia nje, barazani. Mama Zena akasimama mlangoni kama boriti. Barazani kulikuwa na wateja. Mtu mwenye buti na simu anamchoma kidole mke wa mtoto wake mbele ya wateja? Hapana. Basi wakachukua sahani yetu nyeupe ya bati, kikombe juu yake, wakaisogeza karibu na dirisha, pale penye mwanga mwingi zaidi. Yaani pale pekundu zaidi.

Kijani.

"Foie yako iko ya mutoto, maman," Dieudonné akasema, yaani ini langu, akafurahi kwelikweli. Kila alipokuja tukafanya hivyo hivyo, na kila mara kijani.

Lakini mwili ulikuwa unasema lingine. Harufu ya mafuta ya mikate, ambayo imenilisha tangu niolewe, ikawa inanitapisha kabla jua halijatoka. Nilijikuna miguu mpaka nikajitoa damu. Chini ya mbavu za kulia pakakaa kitu kizito, kama nimelalia jiwe. Mkojo ukazidi kukolea, nami nikasema ni vidonge, si walinionya? Asumani alipokuja siku mbili kutoka safari, alikaa kizingitini akaniuliza, "Mwamini, uko nasikia je?" Kabla sijafungua mdomo mama yake akajibu kutoka nje: "Simu inasema iko bien!" Na kweli simu ilikuwa imesema. Nikajilaza tena. Nani angebishana na dhahabu.

Asumani alitaka kitenge kitolewe. Walizozana na mama yake uani, kwa sauti ya chini, ile sauti ya watu wasiotaka majirani wasikie, ambayo majirani huisikia vizuri kuliko zote. "Infirmier alisema haambukizi tena," alisema Asumani. "Na wateja nao walisikia infirmier?" alisema Mama Zena. "Weye utakuwa Ubundu. Miye njo nitabaki na mikate haiuzwe." Treni ikaita, akaenda.

Kwa hiyo Salima alibaki upande wa pili wa kitambaa. Bibi yake alimkataza kuingia, na yeye hakuingia, ila alikuwa anakuja kuweka kiganja chake kwenye kitenge cha mlangoni, na mimi naweka changu kwa ndani. Kitambaa kati yetu kilikuwa na joto. Ananisimulia kuku, anasimulia nani kaanguka matopeni, anaondoka. Ningepaswa kuumia. Nilihesabu tu nyuzi za kitenge mpaka arudi.

Ramadhani ikaingia. Nilikuwa nimepelekwa Ubundu, unakumbuka, kwa mdomo wa Mama Zena. Jioni watu wanakuja kununua mikate ya kufuturu, wanauliza habari zangu, na mimi niko nyuma ya pazia nasikiliza.

"Mama Salima bado Ubundu?"

"Bado. Hewa ya kule imemupendeza."

"Haumwi?"

"Haumwi! Amenenepa, mupaka mikono."

Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa vijiti viwili. Nikafikiri, basi kuna Mwamini mwingine huko Ubundu, anakula samaki, ananenepa, afadhali yeye. Sikumwonea hata wivu.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Mama Zena anaweza kumsamehe mtu aliyemwibia, lakini pazia chafu siku ya Idi, hapana. Kwao Maniema mkesha wa Idi nyumba inavuliwa yote. Kila kitambaa kinachoning'inia kinashuka, kinafuliwa, kinaanikwa, kinarudi kabla ya jua kuzama kikinuka sabuni. Kwa hiyo asubuhi ile aliingia chumbani na beseni. Alisema atatoa vile vyekundu upesi na kuvirudisha kabla wateja wa mchana hawajaanza.

Dieudonné alikuwa tayari ndani. Alikuwa amewahi, amalize wagonjwa wake kabla ya sikukuu. Damu ilishaingia kwenye kikombe, kikombe kiko juu ya sahani, tunasubiri maji yaamue. Kusubiri kule huwa ni dakika chache, anazitumia kunisimulia habari za mpira.

Mama Zena akavuta kitenge cha dirishani.

Mwanga ukaingia mweupe. Nilifumba macho, uliniuma. Nilipofumbua nikamwona Dieudonné ameinama juu ya sahani na simu mkononi. Akapiga picha. Akaitazama. "Non," akasema. Akaifuta lenzi kwa shati, akapiga tena. "Non, non, non."

Maji yalikuwa rangi ya biringanya.

Mama Zena alikuwa ameshaanza kukikunja kitenge, mgongo kwetu. Aligeuka aone kuna nini, na kabla hajafika kwenye sahani macho yake yakanifikia mimi. Akakikumbatia kitenge kifuani.

"Mama Salima," akasema. "Macho yako."

"Iko nini?"

"Iko njano. Njano ya... Yalahi, iko njano, na ngozi pia. Tangu lini? Dieudonné, tangu lini?"

Dieudonné aliinuka. Alinyoosha mkono akachukua kile kitenge kutoka kwake, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Akakishika wima kati ya dirisha na sahani. Maji ya biringanya yakawa mekundu. Mazuri, ya ngai-ngai. Akapiga picha, simu ikatoa kijani. Akakiondoa. Biringanya. Akakirudisha. Nyekundu. Akakaa chini sakafuni na buti zake, kitenge mapajani, akaweka mkono kichwani.

Mama Zena alikuwa anakitazama kitambaa cha harusi yake. Mimi nilikuwa nimelala pale na nilielewa kila kitu, kwamba nimekuwa nakufa kwa wiki kadhaa huku simu ikinipongeza, na sikusikia chochote ila ile nuru usoni. Ilikuwa nzuri.

"Visimame vidonge, leo, sasa hivi," Dieudonné akasema. "Na tuvuke."

Kuvuka maana yake ni njia ya kivukoni, na mkesha wa Idi njia ile haina hata pa kutua mguu. Kuku, mabeseni, watoto wenye nywele mpya. Dieudonné alinibeba mgongoni, kwa miguu yangu nisingefika. Mama Zena mbele akipasua watu. Na bila shaka tukakutana na jirani yetu muuza mkaa, mwenye macho makubwa kuliko soko zima.

"Mama Salima! Umerudi lini Ubundu?"

Nilisubiri uongo utoke. Nilikuwa tayari hata kuusaidia. Mama Zena alisimama, njia nzima ikasimama naye.

"Hakuendaka Ubundu," akasema. "Alikuwa mule ndani. Ana tuberculose. Tupishe."

Wakatupisha. Upana wa njia ile sikuwahi kuuona.

Idi yangu niliila kwenye korido ya hospitali mjini, chini ya saa ya ukutani isiyotembea. Wakapima kwa mashine kubwa, mashine ikakubaliana na biringanya. Daktari, mama mmoja wa sauti laini, aliniambia kama tungechelewa kidogo zaidi tusingekuwa tunaongea. Aliniambia pia kwamba sasa tunalisubiri ini lipoe, na wakati tunasubiri, kifua hakina dawa. Niliuliza choo kiko wapi.

Kulikuwa na huruma ndogo ndogo, nazitaja kwa sababu ndizo utakazoishi nazo. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ananigawia kipande cha barafu cha kunyonya. Mfagiaji alikuwa anaanza kufagia mbali nami ili vumbi likifika liwe limechoka. Na Mama Zena alilala sakafuni chini ya kitanda changu, yeye na mgongo wake mbovu, akiniogesha kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kila siku, mpaka kwenye vidole vya miguu.

Siku moja, akiwa kwenye miguu, akasema bila kuinua uso, "Miye njo nilitundika kile."

"Najua, mama."

"Nilitundika kizuri. Sikutaka utazame gunia."

"Najua."

"Unikasirikie basi! Unanitazama tu kama samaki."

Nilijaribu. Niliitafuta hasira kila mahali, sikuipata. Ilikuja baadaye sana, nimeshapona, siku moja nakata vitunguu, ikanishika mpaka nikatupa kisu ukutani. Mama Zena alikiokota, akakiosha, akanirudishia, akasema, "Aksanti. Nilikuwa nangoja." Tukaendelea na vitunguu.

Njano iliondoka kwanza kwenye ngozi, macho yakafuata. Mvua ndogo zikaja. Wakanirudishia vidonge, kimoja, wanasubiri, kingine, wanasubiri, waone ni kipi ini linakichukia. Nikarudi nyumbani. Dirisha langu halikuwa na kitu, tundu tupu na anga ndani yake. Salima aliingia siku ya kwanza akasimama katikati ya chumba hajui akae wapi, kisha akapanda kitandani na miguu yake ya matope. Mama Zena aliyaona matope, akamfunika kwa shuka.

Na wateja? Unataka kujua kuhusu wateja. Wengi waliondoka. Asubuhi za mwanzo mikate ilipoa kwenye beseni na tuliila sisi wenyewe, kama Mama Zena alivyotabiri. Sitakudanganya kwamba watu wote ni wazuri. Muuza mkaa ndiye aliyerudi kwanza, kwa umbea, akanunua mmoja ili apate sababu ya kusimama.

Kikabaki kidonge cha mwisho, kile kilichoshukiwa zaidi. Ini likikipokea, nitamaliza matibabu yangu kama watu wengine. Likikikataa, kuna njia nyingine, ndefu, ya dawa nzito, na daktari hakuficha kwamba mwili wangu haukuwa na akiba ya kutosha kwa safari ile. Nilikimeza siku kadhaa, halafu Dieudonné akaja kupima.

Alikuja na kisanduku kipya. Na Asumani, ambaye safari hiyo treni ilikuwa imeharibika na kumwacha nyumbani, alikuwa ametengenezesha kingine kwa fundi wa mbao, kizito kama jeneza la njiwa, kimepakwa lami ndani. Wakavilinganisha. Mama Zena akavitazama vyote viwili.

"Visanduku vyenu mutatumia," akasema. "Lakini hapa."

Akapiga kofi juu ya meza ya mikate. Barazani, mbele ya njia. Akasogeza beseni, akafuta unga kwa mkono, akaweka ile sahani nyeupe. Alikuwa amevaa kile kitenge chekundu. Alikuwa ameviunganisha vile vipande viwili kwa mshono mnene unaoonekana, akajifunga kiunoni.

Nilikaa kwenye kiti mchana kweupe. Nilikuwa sijakaa pale tangu mvua kubwa. Dieudonné alinichoma kidole, damu ikaingia kwenye kikombe, na watu wanaoshuka kivukoni wakaanza kupunguza mwendo. Mmoja akasimama, wawili wakauliza aliyesimama anatazama nini. Muuza mkaa akawaeleza yote, na dhahabu akaiweka, na ini, akakosea nusu. "Ikiwa bluu, iko mubaya," aliwaambia. "Ikiwa nyekundu, anapona."

"Maman Zena," Dieudonné akasema, "sogea kidogo. Pagne yako inatia rangi."

Watu wakacheka. Mama Zena akaruka pembeni, akaenda kusimama mbali kabisa, upande wa pili wa njia, kitenge chake kimekusanywa na mikono miwili, shingo ndefu. Asumani alikuwa ameshika mgongo wa kiti changu.

Tulisubiri. Maji yakakaa. Dieudonné hakusimulia mpira.

"Iko namna gani?" Mama Zena akaita kutoka ng'ambo. "Semeni! Iko namna gani?"

Dieudonné alikiingiza kikombe kwenye kisanduku kimoja, akapiga picha. Akakitoa, akakiingiza kwenye cha Asumani, akapiga. Kisha akakiweka tena kwenye sahani mezani, juani, akarudi nyuma ili kila mtu aone kwa macho yake.

"Nyekundu," akasema muuza mkaa, kabla ya mtu mwingine.

Njia nzima ikasema nyekundu. Watu nisiowajua, wenye magunia kichwani, wanasema nyekundu. Asumani aliweka paji lake kwenye kichwa changu. Mama Zena alivuka njia akiwa ameachia kitenge kinaburuta, akasimama mbele ya meza, akawageukia wote waliokuwa pale.

"Huyu iko mutoto wangu," akasema. "Ana tuberculose, na anapona. Mwenye kutaka mikate, anunue. Mwenye kuogopa, apite, mutumbwi unamungoja."

Wengine walipita. Wengine hawakupita.

Na mimi nilikaa pale nikisubiri kilio, kwa sababu nilijua hapa ndipo mtu hulia. Hakikuja. Kilikuja kitu kingine, chini, tumboni, kigeni mpaka nikadhani ni ini. Mama Zena alikuwa amerudi kwenye karai, anageuza mikate, harufu ya mafuta inanijia usoni, ile ile iliyokuwa inanitapisha.

"Mama," nikasema. "Nasikia njaa."

Aligeuka na kijiko kinachodondosha mafuta. Alichagua kwa muda mrefu, akachukua mmoja, akaupuliza, akanipa. Uliniunguza ulimi, na niliusikia.